Mawingu yakitanda, shangazi halali
Habari niliyoisoma hapa imeeleza vizuri nyumba mpya walizojengewa waathirika wa maporomoko ya tope la Mlima Hanang, mkoani Manyara, Tanzania, lile la Desemba 3, 2023 lililoua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani. Na moyoni je? Shangazi yangu alinusurika, lakini mvua ikianza tu anajifunga kanga kiunoni na kukaa mlangoni mpaka kunakucha. Sisi tukawa tunamwambia "jikaze, shukuru Mungu u hai." Kumbe tunamnyamazisha! Aliyemsaidia ni jirani aliyefiwa zaidi yake: wanachambua maharage huku wakiwataja marehemu kwa majina, wanalia, mara wanacheka. Nesi wa zahanati naye alimhakikishia kwamba si wazimu. Siku hizi usingizi anaupata, isipokuwa Desemba.