Tukidai kiti, tudai na mlango

Bahasha ya kura imenifikia tena hapa Geneva. Mimi si raia wa Uswisi, ila mgeni aliyekaa nchini miaka minane huruhusiwa kupiga kura katika mambo ya mtaa wake. Nilisoma kijitabu chote jikoni: wanaotaka wamejieleza, wanaopinga wamejieleza, gharama imetajwa. Nikamkumbuka mama kule Walukuba, Jinja, Uganda. Bwawa la Bujagali lilipojengwa jirani, megawati 250, maporomoko yakazama, hakuna aliyemletea hata karatasi. Mpaka leo maharage anayapika kwenye sigiri ya makaa, maana umeme wa kupikia haumudu.

Viongozi wetu wakizungumzia mageuzi ya Umoja wa Mataifa, hoja huwa ni viti. Ni haki yetu. Afrika ina nchi 54, na katika Baraza la Usalama haina kiti cha kudumu hata kimoja. Tangu Makubaliano ya Ezulwini ya Umoja wa Afrika ya 2005 tunadai viwili, pamoja na kura ya turufu. Naliunga mkono dai hilo. Lakini siku tukikipata kiti, mama atapeleka wapi lalamiko lake?

Mlango mmoja upo, na waliousukuma ni wanyonge. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, linalopokea malalamiko ya wanaoumizwa na miradi inayofadhiliwa na Benki hiyo, liliundwa 1993, baada ya wanavijiji wa bonde la Narmada, India, na asasi zilizosimama nao kupiga kelele kuhusu mabwawa ya kwao. Mwaka 2001 NAPE, asasi ya mazingira ya Uganda, na wenzake walilifikisha suala la Bujagali mbele ya jopo hilo, wakarudi tena 2007. Bwawa lilijengwa, ndiyo, ila Benki ililazimika kujibu kwa maandishi. Kisha wanavijiji wa Kamwenge wakaandika kuhusu barabara yao, ambako wafanyakazi wa ujenzi waliwanajisi wasichana wadogo. Desemba 2015 Benki ikafuta fedha zake. Barua ya kijijini, ndugu zangu!

Jopo haliwezi kuamuru mtu alipwe fidia. Hupeleka ripoti kwa wakurugenzi, ambao kura zao hupimwa kwa hisa za nchi. Hapo ndipo ningeanza mageuzi: jopo lenye meno, na katika kila taasisi inayogusa maisha ya watu.

Na anayealikwa kusema apewe viza. Mwaka jana dada mmoja wa kikundi cha wanawake Jinja alipangiwa dakika moja na nusu azungumze kwenye Umoja wa Mataifa hapa Geneva. Nilishamtandikia kitanda, viza ikakataliwa. Nyumbani nako, Agosti 2021, asasi 54 zilisimamishwa zote siku hiyohiyo moja. Serikali yetu haiwezi kudai sauti New York na kuzizima za Kampala.

Dada yule ameomba tena. Ana miadi mwezi ujao, na hotuba ni ileile.