Mpwa wangu kanunua darubini

Jumamosi asubuhi, chai haijapoa, mpwa wangu akanitumia picha ya boksi. "Shikamoo mjomba, lenzi ya pili hiyoo!" Nikaikuza picha nisome ubavuni. 75-300, milimita za lenzi ya kuvuta vya mbali, darubini kabisa. Nikaweka kikombe chini.

Kijana huyu alianza mwaka jana na Canon ya mtumba, ile ya sensa ndogo (kile kipande cha ndani kinachopokea picha), pamoja na lenzi ya milimita hamsini ya f/1.8 (tundu lake la mwanga, namba ndogo tundu pana) ambayo nusu yetu tumeanza nayo. Picha zake ni za mitaani, Mji Mkongwe huu huu, Darajani mpaka Malindi. Miezi minane anaweka akiba. Kafika dukani, muuzaji kamwambia, "Chukua hii, inavuta mpaka kule." Na kwenye kundi letu la wapiga picha, ambalo mimi mwenyewe ndiye niliyemuingiza, watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wameshamtilia fatiha: chukua ya kuvuta, utawapata watu bila wao kujua.

Bila wao kujua! Hapo ndipo presha yangu ilipopanda, na nitaparudia. Kwanza hesabu.

Sensa ya kamera yake ni ndogo, kwa hiyo hamsini yake inaona kama themanini ya sensa kubwa au filamu. Maana yake lenzi yake ya kwanza tayari ni ya mbali. Ana ya mbali, kaenda kuongeza ya mbali zaidi, ambayo kwenye kamera ile inaanzia 120 na kuishia 480. Kwa 480 unapiga shakwe juu ya mlingoti wa jahazi. Uchochoroni Mkunazini unapiga nini? Tundu la pua.

Tuchukue uchochoro wa mita 2, nao tunao tele. Egemea ukuta huu, mtu asimame ukuta wa pili, geuza kamera wima. Kwa hamsini unapata sentimita 89 za huyo mtu: ama kichwa na kifua, ama kanzu isiyo na mwenyewe. Kumpata mzima unahitaji karibu mita 4, yaani ubishe hodi uingie ukumbini kwa watu, upige picha ukiwa juu ya zulia lao. Sasa weka lenzi pana, ya 24. Mita 2 zile zile zinakupa kimo cha sentimita 186. Kofia, kanzu, makubadhi, na paka akitaka kupita nafasi yake ipo.

Na si upana tu. Funga tundu mpaka f/8, weka fokasi, yaani ukali wa picha, mita 3, uache hapo hapo kwa mkono. Kwa 24, kila kitu kuanzia kama mita 1.7 hadi 14 hivi kinakaa sawa; hugusi tena pete, unatembea na kutazama watu. Kwa hamsini, f/8 hiyo hiyo na mita 3 hizo hizo, una kipande cha kutoka mita 2.5 hadi 3.7. Mtoto mwenye baiskeli anakivuka hata hujapepesa jicho. Kuhusu ile 300 yake inayofunguka mpaka f/5.6 basi, saa kumi na moja jioni, mahali jua linapoishia ghorofa ya pili, sitaki hata kuongea.

Sasa turudi kwenye "bila wao kujua".

Nami nimewahi kuwa mwizi huyo. Nilipata kuazima 200 ya jamaa, nikajibanza kwenye kona karibu na Jaws Corner, kijiwe chetu cha kahawa, nikimlenga mzee wa kahawa. Nikadhani nimejificha. Mtu mzima na kamera yenye mdomo kama bomba la moshi, eti kajificha. Mzee hakugeuka. Aliendelea kuosha vikombe, akasema kwa sauti ya kusikika baraza zima: "Wee kijana, unanilenga kwa nini? Mie ndege, na hilo manati?" Baraza likaanguka kicheko. Nilitamani ukuta unimeze.

Nilitaka kutoroka, akaniita ninywe kahawa. Nikakaa. Nikanywa viwili, nikatafuna kashata, nikasikiliza ugomvi wa siasa ambao haukuwa na mwisho wala mshindi. Kikombe cha tatu nikamuuliza, "Mzee, nikupige?" Akasema, "Sasa ndiyo unauliza," akainua dele. Lenzi yangu ilikuwa ile ile 200 ya kuazima, haikuweza hata kufokasi nilipokaa. Nilibaki nayo mapajani kama jiwe. Niliona kila kitu: moshi wa makaa ukipita kati ya vidole vyake, ukucha wa dole gumba wenye weusi wa kahawa ya miaka, kahawa ikishuka uzi mmoja kwenye kikombe bila kumwagika, na nyuma yake dhumna ikigongwa mezani. Yote katika hatua moja. Sikupata hata moja.

Wiki ya pili nilirudi na 24, ile nyembamba ya gramu 125 inayofanya watu wafikiri kamera haina lenzi. Picha ninayo mpaka leo. Mzee hacheki kwenye picha, lakini ananitazama kama mtu anayejua jina langu, na kweli alikuwa analijua.

Ndiyo maana ushauri wa kwenye kundi umeniuma. Sisi ni watu wa salamu. Hata kununua mchicha unaulizwa kwanza umeamkaje, watoto hawajambo, mama anaendeleaje. Halafu ukishika kamera tu adabu yote unaifungia kabatini, unamnyemelea mama wa watu akipanga dagaa zake, kisha unaandika chini ya picha "maisha halisi". Lenzi pana haikupi njia ya kukwepa salamu. Ili mtu aijaze picha lazima uwe pale anapoweza kukuuliza unataka nini. Nusu ya wakati atakataa. Akikataa, sema samahani, nenda zako, hukufiwa.

Najua mtaniletea Cartier-Bresson, hamuwezi kujizuia. Ni kweli, Mfaransa yule, bingwa wa picha za mitaani, maisha yake karibu yote na kamera ya Leica alishika hamsini. Hamsini ya filamu, ndugu zangu, inayoona kama hamsini. Na Winogrand, mpiga picha wa Kimarekani, barabarani New York alijulikana kwa 28, akiingia katikati ya watu kama anayetafuta daladala. Chagueni babu mnayemtaka.

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande. Siku ya Mwaka Kogwa, ule mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi, wanaume wanapochapana na migomba, lenzi ya kuvuta ina heshima yake, na meno yako pia. Mashindano ya ngalawa vilevile. Mbona hizo ni siku mbili tatu kwa mwaka?

Wenye sensa kubwa wanaogombana 28 au 35, maliza hivi: ukiwa mwoga chukua 35, ukishapona utatamani 28. Na kabla ya kutoa hata shilingi, toka na simu yako siku tatu. Kamera kuu ya simu nyingi inaona upana wa 24 hadi 28, kwa hesabu ya sensa kubwa. Ukijikuta unavuta kwa vidole kila picha, tatizo ni miguu yako.

Mpwa nilimwita nyumbani jioni ile. Sikumgombeza sana, dada yangu angenijia juu. Alikuja na darubini yake kaifunga kwenye kitambaa cha njano kama yai, nikaona huruma. Nikamwambia aitunze mpaka Mwaka Kogwa. Nikamwazima 24 yangu, mpaka Jumapili tu, kwa sharti asipige mtu yeyote ambaye hajamwamkia.

Jumanne akanitumia picha ya muuza urojo. Mvuke umefunika nusu ya kioo, upawa umekuja mbele mpaka unataka kunichoma puani, na nyuma ya upawa yule mama anacheka kwa mdomo wazi, jino moja la dhahabu. "Mjomba, kanipa na badia za bure."

Hiyo Jumapili imeshapita, na nyingine imepita. Simu yangu hapokei.