Chochote Kinachopumua

Mzee mwenye lile shamba alitupa ruhusa kwa maneno machache. "Chukueni mbao, chukueni na makorokoro, nyumba yenyewe naibomoa." Kisha, akiwa ameshatupa mgongo, akaongeza: "Ila mkikuta chochote kinachopumua, hicho ni changu."

Mimi nikacheka. Shemeji yangu, niliyemwomba aje kunisaidia kubeba, hakucheka. Njia nzima ananiuliza, "Kinachopumua kitu gani, shemeji? Mbona hakusema?"

Nyumba ilikuwa imekaa bila mtu miaka mingi, lakini mlango wa mbele ulikuwa mtiki mtupu. Tulizigonga pini za bawaba kutoka chini hadi zikachomoka, tukautoa mzima na kuuegemeza nje. Ndani nikaokota chemli isiyo na kioo, na pasi ya mkaa, ile ambayo komeo lake ni jogoo. Jogoo mwenyewe alishakatika upanga, ila bado ana kiburi usoni. Nikaipenda papo hapo, nikakataa kuiweka chini.

Hapo ndipo nilipoanza kutoa darsa. Mbao kuukuu, nikamwambia shemeji, haziangaliwi kwa macho. Mchwa ana hila: anakula ndani, ngozi ya nje anakuachia, na rangi yake juu. Wewe unaona ubao, kumbe ni karatasi. Kwa hiyo unagonga na kusikiliza. Ikilia ko, ko, chukua. Ikilia pu, achana nayo. Na msumari usiuvute tu kwa pupa. Ugonge kwanza kwenye ncha, upande wa nyuma, kichwa kitokeze, ndipo uung'oe bila kupasua ubao. Shemeji alikuwa anaitikia "eeh, eeh" huku macho yako kwenye pembe zenye giza.

Niligonga kuta. Niligonga fremu za madirisha. Sehemu pekee ambayo sikuigonga ni ile niliyosimama.

Wala haikuvunjika kwa kishindo. Ilisema "fyuu", nikashuka mpaka kwapani. Mikono juu ya sakafu, pasi mkononi, miguu inaning'inia huko chini nisikokujua. Kandambili moja ikanivuka, nikaisikia ikitua.

"Shemeji, usitikisike!"

"Nitikisike niende wapi?"

Akawa anautafuta mtaimbo. Ndipo nikahisi kitu unyayoni. Pumzi. Ya moto. Inakuja, inakwenda.

"Shemeji," nikanong'ona, "huku chini kuna kitu kinapumua."

Ningeweza kuchagua neno lingine, lakini ndilo lililonitoka. Shemeji alipita mlangoni kama risasi. Bahati tulikuwa tumeshautoa ule mlango, la sivyo angeondoka nao.

Nikabaki peke yangu, na kile kitu kikaanza kunilamba. Ulimi wenyewe wa kukwaruza, taratibu, kutoka kisigino hadi vidoleni. Sasa mimi nina mtekenyo mbaya sana. Nilikuwa nalia kwa woga na kuangua kicheko kwa wakati mmoja, na kicheko hicho, shemeji aliniambia baadaye, ndicho kilichomwongezea mbio. Mtu anacheka peke yake ndani ya gofu!

Kisha kule chini kukatoka sauti: "Meee."

Mzee alikuja na kamba begani, hana haraka. Akachuchumaa kando ya kichwa changu, hata salamu hakunipa, akachungulia kwenye upenyo uliokuwa ubavuni mwangu.

"Amezaa?"

"Mzee, mimi nitajuaje?"

Akazunguka nyuma, ambako msingi ulikuwa umebomoka. Akamtoa mbuzi. Akatoa kitoto kimoja, akatoa cha pili, akawapangusa. Halafu ndipo akanikumbuka, akaja kuniinua kwa mtaimbo na kamba ile ile ya mbuzi.

Shemeji alikuwa bado amesimama kule njiani, mbali. Akapaza sauti, "Mzee! Na yeye anapumua?"

"Anapumua," mzee akajibu, huku akikung'uta vumbi la mchwa shatini mwangu. "Kwa hiyo ni wangu. Kesho asubuhi anakuja kunisaidia kubomoa."