Ghorofa Kumi na Tano, Soketi Mbili

Sina ugomvi wowote na bahari, wala na nahodha, wala na wapishi wa meli ya kitalii waliotulisha hadi mikanda ikagoma kufunga. Ugomvi wangu ni na mchoraji mmoja wa meli nisiyemjua jina, aliyechora jengo la ghorofa kumi na tano linaloelea, akalipatia ukumbi wa maonyesho, mabwawa ya kuogelea, ukuta wa kupanda kwa kamba na duka la saa ambazo bei yake haitajwi kwa sauti, kisha alipofika kwenye kabini ya watu wanne akapiga mwayo, akachora soketi mbili juu ya meza ya kujipambia, akaenda zake kulala.

Na hizo mbili nazo si ndugu. Moja ni ya Kimarekani, ya matundu membamba yaliyosimama sambamba, yenye umeme wa volti 110. Ya pili ni ya Ulaya bara, ya matundu mawili ya mviringo, yenye volti 220. Sisi tuliozaliwa Tanga tukahamia Reading tumekulia plagi moja tu, ile ya pini tatu nene ambayo Mwingereza aliiacha Tanzania, Kenya na Uganda, na ukimfuata kwao unaikuta ukutani inakusubiri. Katika maisha yangu yote ya ughaibuni, hicho ndicho kitu pekee ambacho sikulazimika kujifunza upya. Basi unapandia meli Southampton, bandari ya Uingereza, mvua ya Uingereza inakunyeshea mgongoni, unaingia ndani na plagi yako ya Uingereza mkononi, na ukuta unakuambia hakujui.

Ipo na soketi ya tatu, ya bafuni, lakini hiyo siihesabu. Imeandikwa wazi kwamba ni ya mashine ya kunyolea ndevu na si zaidi, kwa kuwa imeungwa kwenye transfoma ndogo isiyoweza kubeba mzigo wa maana. Binti yangu mkubwa aliisoma ilani hiyo, akaitazama pasi yake ya nywele, akaisoma tena, akaniuliza kama ndevu na nywele si kitu kimoja. Nilimkataza kabla hajapata wa kumuunga mkono.

Maana watu ndani ya kabini hiyo tulikuwa wanne, lakini vyenye kula umeme vilikuwa kabila zima. Kila mtu na simu yake, mke wangu na tableti yake, mabinti na saa zao za mkononi na vile visikilizio vya masikioni ambavyo navyo, kwa ajabu ya zama hizi, vinalala ndani ya kijisanduku kinachohitaji chaja. Juu ya hayo nipo mimi na mashine ya kupumulia usingizini niliyoandikiwa na daktari kwa sababu ya kukoroma, ambako mke wangu huapa kwamba majirani wa upande wa pili wa barabara wanakusikia. Mashine hiyo ni dawa, na dawa haipangiwi foleni. Ikawa soketi moja ni yangu tangu magharibi hadi asubuhi kwa amri ya hospitali, na wanawake watatu wakabakiwa na moja. Sijawahi kuchukiwa kimyakimya na watu wengi wa damu yangu kwa wakati mmoja kiasi kile.

Mtu atauliza kwa nini hatukubeba ekstensheni. Tulibeba. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kupanda chombo kikubwa kuliko boti ya kwenda Unguja, alikuja hadi mlangoni kutuaga akiwa nayo ndani ya boksi lake: matundu sita, swichi yenye taa nyekundu, na juu yake imeandikwa kwamba ina kinga ya umeme unaopanda ghafla. "Shemeji, usisafiri bila hii, utanikumbuka," akasema, na kwa kweli nilimkumbuka. Masanduku mengine yalifika mlangoni mwa kabini kabla ya chakula cha jioni, lakini langu halikufika, na badala yake ikaja karatasi ya kuniita ghorofa za chini, kwenye chumba ambamo masanduku yenye mashaka husubiri wenyewe waje kuyafungua mbele ya mlinzi. Palikuwa na foleni ya watu wazima walioinamisha vichwa: mmoja na birika la umeme, mmoja na pasi ya safari, bibi mmoja mwenye heshima zake na mishumaa yenye harufu ya waridi. Mlinzi alilifungua sanduku langu, akaitoa ekstensheni ya shemeji kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyemshika panya mfu mkiani, akaifunga kikaratasi chenye namba ya kabini, akaniambia nitaichukua siku ya kushuka. Nilimwambia kwamba hii si hatari, hii ni kinga, imeandikwa kinga. Akaniambia kwamba hiyo kinga ndiyo hatari yenyewe.

Jibu hilo lilinikera hadi mezani. Kwa bahati tuliketishwa na Mwingereza mmoja mstaafu aliyekuwa fundi umeme wa melini, mtu ambaye mkewe alikwisha kuchoka kumsikiliza na hivyo alifurahi kupata sikio jipya. Alichukua visu viwili vya siagi akavilaza juu ya sinia la chuma, akavitenga nalo kwa vitambaa vya mezani. Nyumbani kwako, alisema, waya mmoja ni laivu, unaoleta umeme, na wa pili ni nyutro, unaourudisha, na nyutro imefungamanishwa na ardhi; laivu ikigusa kitu cha chuma chenye athi, yaani waya wa kwenda ardhini, umeme mwingi hupita kwa ghafla, fyuzi inakatika au saketi breka inaruka, na mambo yanaishia hapo. Katika meli nyingi hakuna waya uliofungamanishwa na mwili wa meli, yaani hilo sinia, na hilo limefanywa kwa makusudi, kwa sababu hutaki waya mmoja uliochubuka jikoni uzime usukani au pampu katikati ya dhoruba. Kosa la kwanza likitokea, hakuna kinachokatika. Kengele inalia kwa mainjinia, nao wanaanza kulitafuta.

Hapo akagusisha kisu kimoja na sinia. Sasa, akasema, waya huu umelingana volti na mwili wa meli, na kwa hiyo ule mwingine umebeba volti zote dhidi ya mwili huo, zaidi ya ulivyozoea kubeba. Vile vidude vilivyomo ndani ya ekstensheni yenye kinga vimekaa katikati ya nyaya na athi, ambayo melini ni huo mwili wa meli, vikisubiri volti zizidi ili viumwage umeme kwenye athi. Vinaona volti zimezidi, vinaanza kumwaga, na kwa kuwa hazikupanda kwa kufumba na kufumbua bali zimebaki juu saa nzima, vinamwaga bila kikomo, vinapata moto, plastiki inalainika, na hakuna fyuzi inayokatika kwa sababu umeme wenyewe si mwingi wa kuikata. Kisha akaniongezea la pili, akiwa amekwisha kusahau samaki wake: swichi na breka za ekstensheni nyingi za madukani hukata waya mmoja tu, na melini nyaya zote mbili zinaweza kuwa na umeme dhidi ya chuma ulichokanyaga, kwa hiyo taa nyekundu inazimika, wewe unaamini umezima, na waya wa pili hauna habari.

Kumbe hayo si maneno ya mezani tu. Mwaka 2013 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari rasmi juu ya jambo hilihili, baada ya meli moja ya makontena kupata moto kabini mara mbili kwa chanzo cha namna hiyo. Tangu hapo kampuni za meli za kitalii zimekuwa zikivisaka vifaa vyenye kinga bila huruma. Baadhi zinakubali ekstensheni ya kawaida isiyo na kinga hiyo, nyingine hazitaki kuona waya wa aina yoyote unaozidisha matundu, na kwa hiyo mtu hana budi kusoma orodha ya kampuni yake mwenyewe kabla ya kufunga sanduku, badala ya kumsikiliza shemeji.

Na moto wa baharini, jamani, si mada ya kubishania. Watu wa mwambao wetu wanaikumbuka meli ya kitalii Costa Allegra, iliyokuwa ikitoka Madagaska kuelekea Shelisheli tarehe 27 Februari 2012, moto ukazuka kwenye chumba cha majenereta. Moto ulizimwa na hakuna aliyepoteza maisha, lakini meli yenye watu zaidi ya 1,000 ilibaki bila injini wala viyoyozi, watu wakalala sitahani kwa joto, hadi meli ya uvuvi ya Kifaransa ilipoivuta kwa siku kadhaa mpaka Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli. Ukiwa Reading unapiga simu, zimamoto wanakuja na king'ora. Huko, zimamoto ni wale wale waliokuhudumia supu.

Kwa hiyo sheria naikubali, tena naikubali kwa mikono miwili. Ninachokataa kukubali ni ukuta. Mnyang'anye mtu ekstensheni, sawa, lakini umpe matundu! Najua nitaambiwa kwamba meli inatumikia miaka thelathini, na kwamba wakati nyingi zinachorwa abiria alikuwa na mashine ya kunyolea na kamera, basi. Mbona kila zinapoingia gatini kukarabatiwa hubadilishiwa mazulia? Zulia lile lilikuwa na maua ya rangi saba na halikuchaji kitu.

Birika nalo lina msiba wake, kwani mke wangu hawezi kuanza siku bila chai ya rangi yenye tangawizi, na chai ya kule juu kwenye mkahawa hutengenezwa kwa maji ambayo yamesikia habari za moto lakini hayajaonana nao. Aliomboleza birika lake la wati 3,000 lililobaki nyumbani. Nilimfanyia hesabu kumliwaza: birika la volti 230 ukilichomeka kwenye volti 110 linatoa chini ya robo ya nguvu yake, hazifiki wati 700, na angesubiri chai hiyo mpaka Barcelona, na Mmarekani anayefanya kinyume chake, akachomeka kikausha nywele cha volti 110 kwenye 220, anakipa nguvu mara nne na anaondoka na nywele za moshi. Hakuliwazika. Nilichopata ni kuambiwa kwamba nilikuwa na hesabu nyingi kwa mtu anayemiliki soketi peke yake.

Aliyetuokoa ni kijana wa Likoni aliyekuwa akihudumia kabini zetu, ambaye alitusikia tukigombana kwa Kiswahili akabisha hodi kwa Kiswahili. "Mzee wangu, mama, msihangaike," akasema, akasogeza godoro kidogo, na nyuma ya ubao wa kitanda pakaonekana soketi nyingine ya Ulaya, safi, isiyo na mtu. Kwa nini imefichwa, hakusema. Alichosema ni kwamba tusiache chaja ikifunikwa na mto au shuka, tusitundikie adapta nzito juu ya adapta hadi ziinamie upande, na chochote kilicho moto kwa kugusa kichomolewe kwanza, maswali baadaye. Kisha, kwa kuwa mke wangu alijaza fomu ya mashine yangu wiki nyingi kabla ya safari, mchana huohuo kijana akaleta maji yaliyotoneshwa ya kutia kwenye mashine pamoja na ekstensheni ya meli yenyewe, nyeupe, yenye lebo ya ukaguzi, ya tundu moja. Nilitia saini kuipokea. Nimewahi kupokea funguo za nyumba kwa karatasi chache kuliko zile.

Mabinti nao walinunua dukani mle melini kichwa cha chaja chenye matundu manne ya USB, kisicho na waya wala kinga, kimeandikwa volti 100 hadi 240, ambacho kwa kampuni ile kilikuwa halali. Bei yake sitaitaja, kwa kuwa bado ninatafuta mtu wa kumlalamikia. Kikachomekwa kwenye soketi iliyobaki mezani. Mke wangu akaandika zamu kwenye karatasi, akaibandika kwa sumaku ukutani, maana kuta za kabini ni za chuma na sumaku inashika popote: wanafunzi saa mbili usiku, wazazi saa nne, kijisanduku cha visikilizio vya masikioni baada ya kila binadamu kupata haki yake. Jina langu halikuwemo. Niliambiwa kwamba mimi ni mgonjwa na nina soketi yangu, hivyo simu yangu ingesubiri mashine iamke.

Sasa picha za meli zimeanza tena kupita katika simu ya mke wangu, kwa hiyo juzi nilimpigia wakala wa safari mapema, kabla hatujaingia kwenye mambo ya ghorofa na madirisha. Nilimwuliza kabini ya watu wanne ina soketi ngapi, za volti ngapi, kama ipo karibu na kitanda bila kung'oa godoro, na kama USB ni za kuchajia kweli au ni mapambo. Akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi zikifunuliwa, kisha akaniambia kwa furaha kubwa kwamba meli hiyo ni ya kisasa mno, ina baa ambayo vinywaji vyake huchanganywa na roboti wawili. Nikamwuliza hao roboti wenyewe wanachomekwa wapi.