Propela ya gari lililoinuliwa: kushusha giaboksi au kugeuza pua ya difu?

Land Cruiser au Hilux ikishainuliwa sentimita 5 kwa ajili ya matope ya Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, malalamiko huanza siku ya kwanza ya lami. Kati ya kilomita 60 na 90 kwa saa sakafu inavuma, kioo cha kutazamia nyuma kinacheza, na dereva anaapa gari halikuwa hivyo. Kwenye gereji za Kampala atapata majibu mawili. La kwanza ni kushusha giaboksi: spesa za milimita 20 hadi 25 zinawekwa kati ya chasisi na chuma kinachobeba mkia wa giaboksi. La pili ni kuiacha giaboksi ilipo na kugeuza kwa kabari pua ya difu ya nyuma, yaani ncha ya mbele ya difu, propela inapoingilia. Kila jibu lina hoja zake, lakini yote mawili hutolewa kabla mtu hajapima chochote, na hilo ndilo linaloharibu magari.

Kwanza hakikisha kosa ni la propela, bomba linalozunguka kupeleka nguvu ya giaboksi kwenye difu. Tairi la 265/70R16 lina mzingo wa mita 2.44 hivi, kwa hiyo kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Difu ikiwa ya 4.1 (propela huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa tairi), propela wakati huohuo inazunguka mara 37. Mtikisiko wa tairi ni wa polepole na unashikika mikononi. Wa propela ni mvumo unaosikika masikioni na nyayoni. Osha ndani ya rimu na bomba lote la propela, maana bonge la udongo lililokauka juu ya bomba linatosha kuvuruga balansi. Zuia magurudumu, weka gia huru, kisha ipindepinde propela kwa mkono. Krosi (kiungo kinachopinda kwenye ncha ya propela) ikicheza, au ikiwa na vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake, sindano za ndani (beringi zake nyembamba) zimekwisha, na hakuna kabari itakayolitibu hilo. Krosi ya zamani mara nyingi hufa wiki chache baada ya kuinua gari, kwa sababu sindano zilizozoea kukanyaga sehemu moja sasa zinalazimishwa kukanyaga nyingine.

Kama krosi ni nzima, angalia pembe, yaani jinsi propela inavyopinda kwenye krosi zake mbili, moja kila ncha. Krosi moja ikifanya kazi ikiwa imepinda, upande wake wa pili hauzunguki kwa mwendo sawa: unaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili ndiyo inayofuta kosa la ya kwanza, kwa masharti mawili. Yoki (uma zinazoshika krosi) za ncha mbili za propela zikae kama zilivyopangwa na kiwanda (kwa propela nyingi za nyuma, mstari mmoja), na pembe za krosi zote mbili zilingane, tofauti isizidi digrii 1. Sharti la kwanza huvunjwa kirahisi sana: propela inachomolewa kwenye meno yake ili ipakwe grisi, kisha inarudishwa ikiwa imehama jino. Piga alama ya rangi pande zote mbili kabla ya kufungua. Kuna wenye magari waliolipia balansi mara mbili kwa kosa ambalo alama moja ya rangi ingelizuia.

Sharti la pili linahitaji hesabu kidogo. Tuseme mkia wa giaboksi unainama kwa nyuma digrii 3, pua ya difu inatazama juu digrii 3, na propela yenye urefu wa mita 1.3 inateremka digrii 6. Kila krosi ina digrii 3. Inua gari milimita 50 na mteremko wa propela unafika kama digrii 8, hivyo kila krosi sasa ina 5. Pembe zimekua lakini bado ni sawa! Ndiyo maana gari lenye springi za bapa, likiinuliwa kwa springi nzuri, wakati mwingine halihitaji dawa yoyote.

Sasa mwingize fundi wa spesa. Mkia unainama hadi digrii 4.5, na propela inapungua hadi 7. Krosi ya mbele ina 2.5, ya nyuma ina 4. Pembe zimepungua kweli, ila usawa umevunjika, na gari linaweza kuvuma kuliko lilivyoingia gereji. Ukiongeza kabari ya digrii 1.5 kwenye difu, krosi zote mbili zinakuwa 2.5, na hapo umepata gari tulivu. Basi hawa wapinzani wawili wanahitajiana zaidi ya wanavyokiri.

Wanaotetea spesa wana haki kwa mambo fulani. Kazi ni ya saa moja, springi haziguswi, na ikishindikana unarudisha ulipotoka. Lakini unapoteza milimita 25 za nafasi chini ya tumbo, zilezile ulizolipia kwa kuinua. Tena bomba la ekzosi linaweza kugusa, mkono wa gia kugonga sakafu, na feni ya injini kubadili nafasi ndani ya kava la rejeta. Kwa propela ya mbele faida ni ndogo zaidi: mkia ukishuka, tundu la mbele la transifa (kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma) linatazama juu, na sehemu kubwa ya ulichopata inapotea.

Kabari nayo haisamehe uzembe. Springi zikiwa juu ya ekseli, ncha nene inaelekea nyuma ili pua ipande. Zikiwa chini ya ekseli, inaelekea mbele. Mashekeli (vyuma vinavyoning'iniza ncha ya springi) marefu ya nyuma tayari yanainua pua, kwa hiyo gari la namna hiyo huenda likataka kabari ya upande wa pili kabisa. Chukua kabari ya chuma, kwa kuwa ya aluminiamu hupasuka kwenye barabara za makorogesheni. Weka yuboliti mpya na boliti ya kati ndefu zaidi, na ukaze tena baada ya kilomita 500. Zaidi ya digrii 4 usiende: pua ikipanda mno, beringi ya mbele ya pinioni, gia ndogo iliyo ndani ya pua, inakosa oili. Iache pua digrii 1 chini ya hesabu, kwani ukikanyaga mafuta springi hujipinda na pua hupanda yenyewe.

Hilux ndefu yenye propela ya vipande viwili ni kesi tofauti. Ikitetemeka wakati wa kuondoka tu, kisha ikatulia, mtuhumiwa ni senta beringi, ile inayoshikilia katikati ya propela. Kuishusha milimita 10 hadi 15 mara nyingi kunamaliza kazi.

Land Cruiser 80 ndiyo ngumu. Kwa nyingi, propela ya mbele inazunguka wakati wote, na bushi zinazorudisha kasta (mwegamo wa kurudi nyuma wa mhimili wa usukani) baada ya kuinua huigeuza pua ya difu ya mbele ielekee chini, mbali na transifa. Usukani unapona, propela inaumia. Ijaribu kwa kufungua propela ya mbele na kufunga difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, la sivyo gari huenda lisisogee. Mvumo ukiisha, uamuzi ni kati ya propela yenye krosi pacha (krosi mbili zilizounganishwa) upande wa transifa na kupunguza mwinuko. Krosi pacha inataka pua itazame moja kwa moja kwenye transifa, jambo linaloiondoa tena kasta. Kwa gari linalokula lami ya Kampala hadi Gulu kila wiki, punguza mwinuko. Kwa lile linaloishi Kidepo, hifadhi ya wanyama huko Karamoja, na halivuki kilomita 60 kwa saa, mvumo mdogo wa kilomita 80 si sababu ya kufungua boliti hata moja, ilimradi krosi zipate grisi kila kilomita 5,000 na kila baada ya kuvuka mto.

Pembe hizi zote hupimwa gari likiwa juu ya sakafu tambarare, tairi chini, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Gari la watalii lipimwe na tangi limejaa na mizigo ndani. Ukilipima tupu utachonga kabari ya gari ambalo halipo barabarani.