Fisi Kwenye Bajeti ya Harusi

Kwenye kamati za harusi za Dar es Salaam mchango una njia yake: mtu anaahidi, analipa kwa simu, mweka hazina anathibitisha, ndipo kadi inatoka, ya singo au ya dabo. Harusi ya dada yangu niliteuliwa katibu kwa sifa moja tu, kuwa na laptopu. Nikatengeneza jedwali la Google. Mweka hazina nikamweka mhariri, wengine wote watazamaji.

Kikao kikachafuka.

"Mtazamaji?" Baba Mkubwa, mwenyekiti wetu, alivua miwani. "Mimi niliyepokea posa, leo nikatazame? Kwani hii mechi?" Shangazi naye akataka kujua mweka hazina, mtoto wa juzi, kampitaje cheo. Nikaeleza kwamba si cheo, ni ruhusa ya kubadilisha maandishi. Wapi! Ikaamriwa linki ifunguliwe: yeyote aliye nayo ni mhariri. Baba Mkubwa akairusha mwenyewe kwenye grupu la ukoo, lenye watu hadi Muscat.

Kufika usiku, ukoo mzima ulikuwa umeshalipa. Kwenye jedwali, maana simu ya mweka hazina haikuingia hata senti. Binamu mmoja aliyeahidi laki mbili alijipunguzia sifuri na kujipandisha kadi ya dabo. Mwingine, kwenye safu ya malipo, aliandika "kwa maombi".

Halafu akaingia fisi. Ukifungua linki ya aina hiyo bila akaunti, Google haioni jina lako, inakubandika mnyama, na huyu kaangukia fisi. Shangazi, ambaye kumbe naye hakulala, akatuma sauti kwenye grupu: "Jamani, kuna fisi kwenye nyama!" Na kweli, alikuwa amesimama kwenye mstari wa nyama ya mbuzi. Kilo 40 ikawa 90 huku tunaona. Bibi akashauri isomwe dua kwanza, bajeti baadaye.

Nikaandika kwenye seli ya pembeni: "Wewe ni nani?"

Kimya. Kisha: "Huna salamu?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbuzi kilo 40, hii ni harusi au akika?"

Nikamjua Baba Mkubwa.

Nikaingia kwenye historia ya matoleo, nikarejesha jedwali la jioni, nikafunga linki. Safu ya malipo ikabaki ya mweka hazina peke yake, wengine wakawa watoa maoni. Cheo hicho kilipendwa mno. Ukoo wetu haujawahi kupungukiwa maoni.

Isipokuwa mmoja. Mjukuu alimfungulia Baba Mkubwa akaunti, akamwonyesha kitufe cha kuomba ruhusa. Kila akikibonyeza naletewa barua pepe, na kila barua ina ujumbe: "Nani alikupeleka darasa la kwanza?" "Nani alikulipia ada ya chuo?" Ada alilipa kweli. Nikamrudishia uhariri, ila nikafunga karatasi nzima na kumwachia seli moja, ya rangi ya sare. Hiyo ilikuwa imeshakatwa shauri: dhahabu, na kina mama walishabeba vitambaa vyao kutoka Kariakoo. Nani ahangaike na rangi iliyokwishanunuliwa?

Alfajiri Shangazi alinitumia sauti ndefu ambayo haiandikiki hapa. Nikafungua jedwali. Rangi ya sare: ugoro.