Ukitaka kuielewa New Mexico, fuata mfereji

Picha za New Mexico, jimbo la kusini-magharibi mwa Marekani, zinazozunguka mitandaoni hazibadiliki: matuta meupe ya White Sands, majabali mekundu, anga lisilo na wingu. Si picha za uongo. Kasoro yake ni kumfanya mtazamaji adhani jimbo hili ni nchi tupu yenye mandhari na basi. Nionavyo mimi, urithi mkuu wa New Mexico ni mtaro wa udongo ambao mtu mzima anaweza kuuruka, pamoja na nyumba ya matofali mabichi iliyosimama kando yake. Hivyo ndivyo vinavyostahili kulindwa kwanza. Jabali litangoja miaka mia bila kuguswa, lakini mfereji usiposafishwa misimu michache huziba.

Tuanze na ardhi. Jimbo lina kilomita za mraba 315,000 hivi, karibu theluthi ya Tanzania, na watu milioni 2.1 tu. Albuquerque, jiji lake kubwa kuliko yote, hupata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka. Kaskazini, milima ya Sangre de Cristo inapanda kupita mita 4,000, na huko theluji hujikusanya majira yote ya baridi. Hiyo ndiyo ghala ya maji. Huanza kuyeyuka masika, mito hufurika Mei, na kiangazi kikishika imekwisha. Mvua za radi za Julai na Agosti huja baadaye, kali na za mahali mahali. Mto Rio Grande hukusanya maji hayo na kuteremka kusini ndani ya bonde la ufa, ufa wa aina ileile unaoichana Afrika Mashariki. Kwenye mabonde hayo, anayelima kwa kutegemea mvua peke yake amejitakia hasara.

Watu wa Pueblo, wenyeji wa asili wa eneo hili, walilijua hilo karne nyingi kabla ya Wahispania. Walilima mahindi, maharage na maboga, wakikinga maji ya mvua kwa mawe na kuchimba mitaro kutoka mtoni. Leo jamii zao ni 19 katika jimbo hili, na Taos Pueblo, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1992, bado ina wakazi ndani ya kuta zake za udongo. Juan de Oñate, kiongozi wa walowezi wa Kihispania, alipofika nao mwaka 1598, alikuja na utaratibu wa mifereji ambao Hispania iliurithi kutoka kwa Waislamu. Jina la mfereji wa namna hii, acequia, ni as-saqiya la Kiarabu, na adobe, yaani tofali bichi, ni at-tub. Msomaji aliyeko Oman, aliyezoea kuona maji ya falaj, mfereji wa jadi wa huko, yakigawanywa kwa saa, hatahitaji maelezo marefu. Makutano hayo hayakuwa ya upole, na anayeyasimulia kama ndoa ya tamaduni anaficha ukweli: watu wa Pueblo walitumikishwa na dini yao ikapigwa marufuku, hadi mwaka 1680 walipoinuka pamoja chini ya Po'pay, kiongozi wao wa dini, na kuwafukuza Wahispania kwa miaka 12.

Sasa mfereji wenyewe. Unaanzia kwenye banio la mawe na magogo linaloinua maji ya mto kidogo tu, yaingie kwenye lango. Baada ya lango ni mfereji mkuu, unaoshikilia ukingo wa juu wa bonde ili mashamba yote yawe chini yake. Kila shamba lina lango lake dogo la ubao au chuma, na maji yanayobaki mwishoni hurudi mtoni. Mteremko ukizidi, maji hula kingo; ukipungua, tope hutuama na kupandisha sakafu.

Ndiyo maana kila mwaka, mara nyingi mwezi Machi, kuna kazi ya pamoja ambayo watu wa Upare wangeiita msaragambo. Kila mwanachama huleta nguvukazi kulingana na haki yake ya maji, au hulipia. Msimamizi wa mfereji, mayordomo, humpimia kila mtu kipande chake. Kazi inaonekana rahisi: kukata mierebi, kutoa tope, kunyoosha kingo. Kosa la wageni ni kuchimba sana. Sakafu ikishuka chini ya usawa wa malango ya mashamba, maji hupita bila kuingia, na mkulima hubaki akiyatazama. Kosa la pili ni kusahau panya wa ardhini, ndugu wa tabia wa fuko wetu, wanaotoboa kingo wakati mfereji ni mkavu. Maji ya kwanza yakifunguliwa, mayordomo hutembea mbele yake na uma wa shambani akiondoa takataka kabla hazijaziba makalvati. Asipofanya hivyo, maji hupanda, hupata tundu la panya, na ukingo wa mita kadhaa huondoka kwa usiku mmoja.

Maji yakipungua, watu hugawana upungufu. Zamu hupangwa kwa saa, usiku na mchana, na kwenye mifereji mingi mifugo na bustani za chakula hutangulia. Hapa ndipo mila hii inapogongana na sheria ya maji ya jimbo ya mwaka 1907, inayompa kipaumbele aliyetangulia kutumia. Mimi niko upande wa mila. Kanuni ya kutangulia inaweza kumwacha wa mwisho bila tone, ilhali koleo lake lilifanya kazi mwezi Machi kama la wengine.

Nyumba ya tofali bichi nayo inadai kazi ileile ya kujirudia. Tofali la kawaida huwa na sentimita 25 kwa 35 kwa 10 na uzito wa kilo 15 hivi. Mchanganyiko mzuri una mchanga mwingi kuliko udongo wa mfinyanzi, karibu sehemu saba kwa tatu, pamoja na majani makavu ya ngano. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka likikauka; mchanga ukizidi, kona hubomoka mkononi. Hulazwa siku mbili tatu, husimamishwa kwa ubavu, kisha huachwa wiki kadhaa. Halifyatuliwi wakati wa baridi, kwa kuwa maji yaliyomo yakiganda hulivunja kutoka ndani.

Adui mkubwa wa ukuta huu ni saruji. Mwaka 1967 kanisa la San Francisco de Asís huko Ranchos de Taos lilipigwa lipu ngumu ili watu wapumzike kukandika kila mara. Lipu ya namna hiyo haipatani na ukuta wa udongo: hupasuka nyufa nyembamba, maji huingia, na kwa kuwa ukuta hauwezi tena kupumua, unyevu hushuka na kujikusanya chini. Nje pangali pazuri, ndani msingi umegeuka tope. Kufikia 1979 waumini waliibandua yote wakarudi kwenye udongo, na hadi leo hukusanyika kila mwaka kukandika upya. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaufahamu ugonjwa huu, maana saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa huleta madhara ya jinsi hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo sikubaliani pia na kusakafia mifereji yote kwa zege. Maji yanayovuja hayapotei yote. Hulisha miti ya ukingoni na visima, na mengine hurudi mtoni polepole, mto unapoyahitaji. Bomba liwekwe pale mfereji unapovuka korongo, kwengine ubaki udongo.

Hatari kubwa kuliko zege ni kuuza maji peke yake, yakatengwa na shamba. Haki ya mtu mmoja ikihamishiwa mjini, waliobaki hupoteza zaidi ya hisa hiyo. Maji machache hayafiki mwisho wa mfereji, na mwezi Machi kuna koleo moja pungufu kwa urefu uleule. Baada ya moto wa Hermits Peak na Calf Canyon wa 2022, ulioanzia kwenye uchomaji wa kupangwa ulioponyoka na kuteketeza zaidi ya hekta 130,000, mafuriko yalijaza mifereji majivu na magogo. Mkulima wa hali hiyo ni mwepesi kushawishika kuuza.

Kinga ipo. Tangu 2003 sheria ya jimbo inairuhusu kamati ya mfereji kukataa uhamisho unaodhuru wanachama, na kuyahifadhi maji ya mtu asiyelima kwa sasa ili haki yake isifutwe kwa kutotumika. Ila mamlaka ya kukataa hayaji yenyewe: ni lazima wanachama wayapigie kura na kuyaandika katika kanuni zao. Mfereji ambao haujafanya hivyo ufanye kwenye mkutano wake ujao, kabla ombi la kwanza la uhamisho halijawasilishwa.